Kaske ya dola 300, wimbo wa mega nne: pesa inaenda wapi?

Bukavu, Goma, Uvira ama Lubumbashi, jambo ni lile lile. Kijana anaingia dukani, anaona kaske kubwa nyeusi ndani ya sanduku linalong'aa. Muuzaji anamwambia: « Mukubwa, hii njo yenyewe. Utasikia mpaka pumzi ya mwimbaji. » Bei ni dola 300. Kijana anapenda muziki, kila jioni anasikiliza rumba kwa intaneti kwenye simu yake. Anaanza kuhesabu pesa kichwani. Lakini rafiki aliyekuja naye anamvuta mkono: « Wacha bwana, unapoteza pesa. Muziki wa intaneti umeshabanwa. Hata ununue kaske ya dola 1,000, hakuna kitu utasikia. »

Nani ana haki? Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo inaweza kuleta hasara. Dola 300 hapana mchezo: kwa familia nyingi ni minervali ya watoto, ama mtaji wa kuanzisha biashara ndogo. Kabla ya kuzitoa mfukoni ni vizuri kujua sauti inapita njia gani toka studio mpaka sikioni, na njiani inapotea wapi.

Kubana muziki maana yake nini?

Kwenye CD, sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, upande wa kushoto na upande wa kulia, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16. Ukipiga hesabu, unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde moja. Wimbo wa dakika nne unafika mega 42 hivi. Wimbo huohuo ukibanwa kwa MP3 ya kilobiti 128, unakuwa mega nne tu. Ni mara kumi na moja ndogo.

Mega zingine 38 zimeenda wapi? Hapo ndipo watu wengi wanakosea. Wanadhani mashine inakata kila kitu kidogo kidogo, sawa vile mtu anapunguza maziwa kwa maji. Sivyo. Mashine inachagua. Inatafuta sauti ambazo sikio la mtu halitazisikia, na hizo ndizo inazipa nafasi ndogo ama inazitupa.

Fikiria soko, karibu na mashine ya kusaga unga. Watu wawili wanaongea polepole kando yake. Mashine ikinguruma, hakuna anayewasikia, hata kama midomo yao inaendelea kucheza. Ukipiga picha ya soko lile, watu wawili wataonekana. Lakini ukitaka kueleza tu kilichosikika pale, unaweza kuwaacha. Ndani ya muziki ni vilevile. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, sauti ndogo iliyo karibu nayo inafunikwa kwa kitambo kidogo. Sikio haliipati. Basi kwa nini kuilipia mega?

Ufundi huo ulitengenezwa zaidi na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, na Karlheinz Brandenburg akiwa mmoja wa viongozi wa kazi hiyo. Wakati wa majaribio walitumia wimbo « Tom's Diner » wa Suzanne Vega, ambao ni sauti ya mwanamke peke yake, bila ala. Mwanzoni mashine yao iliiharibu vibaya ile sauti, sababu hapakuwa na ngoma wala gitaa la kuficha makosa. Walirekebisha na kusikiliza tena na tena. Mwaka 1995 wakachagua jina ambalo kila mtu analijua leo: .mp3.

Mbona sikio halistuki?

Kijana mwenye masikio mazima anasikia toka hertz 20 mpaka karibu 20,000. Umri ukisonga, sehemu ya juu inapungua, na watu wazima wengi hawafiki tena huko. MP3 ya kilobiti 128 mara nyingi inakata sauti zilizo juu ya hertz 16,000 hivi. Inaonekana ni hasara kubwa, lakini ni vizuri kukumbuka jambo moja: redio za FM zinatuma sauti mpaka karibu hertz 15,000 tu. Miaka yote hiyo watu wamecheza rumba mbele ya redio, na hakuna aliyelalamika ya kwamba sehemu ya juu imekatwa.

Namba ya kilobiti peke yake haitoshi. Kuna njia mbalimbali za kubana, na zile mpya zina akili zaidi. AAC na Vorbis zilikuja baada ya MP3. Opus ilikubaliwa rasmi kama kanuni ya intaneti mwaka 2012. Kilobiti 128 za Opus zinabeba muziki vizuri kuliko kilobiti 128 za MP3. Ndiyo maana YouTube, ambayo sauti yake kawaida iko karibu na kilobiti 128 tu, haisikiki mbaya vile namba inavyoonyesha. Spotify inatumia Vorbis na inafika 320 kwa anayelipa; Apple Music inatumia AAC ya 256. Zote mbili sasa zinatoa pia muziki usiotupwa kitu: Apple toka 2021, Spotify toka 2025.

Kwenye 256 ama 320, watu wengi wakijaribiwa bila kuambiwa ni faili lipi linapigwa, wanashindwa kulitofautisha na CD. Kwa hiyo rafiki wa yule kijana alikosea: muziki uliobanwa vizuri hauui kaske nzuri.

Lakini kuna kiwango ambacho ubanaji unaanza kusikika. Ukishuka kilobiti 96, 64 na chini zaidi, kwanza zinaumia sauti kali na fupi: marakasi, sahani za ngoma, makofi, na ule mguso wa kwanza wa kamba pale sebene inapoanza. Badala ya « cha-cha-cha » kavu, marakasi zinasikika kama maji yanayochuruzika. Hapo kaske bora haisaidii. Inazidi kuonyesha kidonda.

Hesabu ya mega

Kwa anayenunua forfe, ubora unalipiwa kila siku, siyo dukani tu. Saa moja ya muziki kwa kilobiti 128 inakula mega 58 hivi. Kwa 320, inakula mega 144. Muziki usiotupwa kitu, wa kiwango cha CD, mara nyingi unafika mega 400 kwa saa, hata baada ya kupangwa vizuri. Giga moja inakupa masaa 17 ya kwanza, masaa 7 ya pili, na masaa mawili na nusu tu ya tatu.

Kwa hiyo mtu anayenunua kaske ya dola 300 halafu anaacha programu yake kwenye « otomatiki » anajidanganya bila kujua. Mtandao ukiwa dhaifu, programu inashusha ubora yenyewe, polepole, bila kusema kitu. Kaske ni ya bei, lakini muziki unaoingia ni ule wa chini kabisa. Ni sawa na kununua sahani ya kauri kwa kulia sombe iliyoungua.

Sauti inapotea wapi kweli?

Ukifuata njia yote toka intaneti mpaka sikioni, utaona ya kwamba ubanaji wa faili siyo mwizi mkubwa. Wezi wengine wamejificha mahali watu hawaangalii.

Wa kwanza ni kubana mara mbili, tatu, nne. Wimbo unatolewa YouTube, unageuzwa MP3, unapelekwa WhatsApp, unafika kwa kijana wa kompyuta anayejazia watu nyimbo kwenye kadi ya memori, naye anaugeuza tena ili ukae katika nafasi ndogo. Kila mgeuzo unatupa kitu. Na faili likiandikwa « 320 » mwishoni, hiyo siyo dawa: kilichotupwa mara ya kwanza hakirudi. Ukimwaga kikombe cha chai ndani ya ndoo, chai haiongezeki. Tena, ukirekodi wimbo kama ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, unabanwa kwa kiwango cha maongezi tu. Afadhali kutuma faili lenyewe kama dokima, hapo linafika vile lilivyo.

Wa pili ni kelele. Ndani ya basi, karibu na jenereta, ama kwenye nyumba iliyo kando ya barabara, tofauti ndogo kati ya 160 na 320 inamezwa yote. Hapo kaske inayoziba sikio vizuri inafanya kazi kubwa kuliko faili bora. Ina faida nyingine pia: kelele ya nje ikipungua, mtu hahitaji kuongeza sauti mpaka mwisho. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri kutopita desibeli 80 kwa masaa 40 katika juma moja. Sikio likishaharibika kwa kelele, hakuna kaske itakayolitengeneza.

Wa tatu ni bafle na chumba chenyewe. Umeme wa sauti ni rahisi kuutunza. Kuugeuza uwe mtetemo wa hewa ndiyo kazi ngumu. Ndiyo maana tofauti kati ya bafle mbaya na bafle nzuri inasikika na kila mtu, hata mtoto, hata kwa MP3. Bafle ikiwekwa kwenye kona ya chumba cha saruji kisichokuwa na pazia wala viti vya kitambaa, besi inanguruma na maneno ya mwimbaji yanapotea. Kuivuta mbali kidogo na ukuta hakuombi hata franka moja.

Wa nne ni Bluetooth. Njia yake ya kawaida, inayoitwa SBC, inabana muziki upya kabla ya kuutuma hewani, na faili bora la CD halifiki zima. Kwa matumizi ya kila siku si shida kubwa. Lakini mtu anayelipia muziki usiotupwa kitu halafu anausikiliza kwa SBC, amelipa kwa mkono mmoja na kutupa kwa mkono mwingine. Waya rahisi inammaliza shida hiyo.

Basi kaske ghali haina kazi?

Iko na kazi, ila bei siyo kipimo cha sauti. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya vipimo vya kaske na ekuteri (zile ndogo za kuingiza sikioni) 283. Aliangalia jinsi kila moja inavyogawa sauti nzito, za kati na nyembamba, halafu akalinganisha na bei yake. Hakuona uhusiano kati ya vitu hivyo viwili. Kuna za bei ya chini zenye mpangilio mzuri, na kuna za bei ya juu zinazopiga besi kama mtu anayegonga mlango.

Pesa za ziada zinanunua nini basi? Mara nyingi zinanunua mito laini isiyochosha masikio, chuma kisichovunjika, vipuri vinavyopatikana, uwezo wa kuzima kelele, na jina. Vitu vinne vya kwanza vina thamani ya kweli. Cha tano kinaweza kuigwa kwa dola chache tu: kuna kaske nyingi sokoni zenye jina kubwa ambazo kiwanda cha jina hilo hakijawahi kuziona.

Tena, kuna kaske za studio zilizotengenezwa kwa mashine za studio. Sennheiser HD 600, kwa mfano, ina upinzani wa om 300. Ukiichomeka kwenye simu ya kawaida, sauti itatoka ndogo, bila nguvu. Mnunuzi atasema ameuziwa kitu kibovu, kumbe simu njo haina nguvu ya kuisukuma. Atatakiwa kununua ampli pia, na pesa zinaendelea kutoka.

Kuhusu muziki unaouzwa kama wa « kiwango cha juu kuliko CD », Wamarekani wawili, Brad Meyer na David Moran, walichapisha jaribio lao mwaka 2007. Waliwapa wasikilizaji muziki wa kiwango hicho, mara nyingine ukipitishwa kwenye kiwango cha CD, bila kuwaambia ni upi. Katika majaribio 554, walijibu sawa mara 276. Ni karibu nusu kabisa, sawa na mtu anayerusha sarafu hewani. Anayetaka kulipa zaidi kwa ajili ya kiwango hicho akumbuke namba hiyo.

Jaribu mwenyewe kabla ya kulipa

Jaribio halihitaji maabara. Chukua wimbo mmoja unaoujua vizuri, wenye marakasi na magitaa. Uweke kwa ubora wa chini kwenye simu moja, na kwa ubora wa juu kwenye simu nyingine ya aina ileile. Sauti ziwe sawa kabisa, maana sikio linapenda ile iliyo juu kidogo na kudhani ndiyo bora. Wauzaji wengi wanaijua siri hiyo. Geuza mgongo. Rafiki arushe sarafu, na sarafu ndiyo iamue simu ipi itapiga. Wewe sema tu: ya chini ama ya juu. Fanyeni mara kumi, mkiandika kila jibu.

Ukipata tano ama sita, ulikuwa unabahatisha. Ukipata tisa ama kumi, masikio yako yanasikia tofauti ya kweli, kwa kuwa mtu anayebahatisha anafika hapo kama mara moja tu katika mara mia. Na muuzaji akikataa kukuacha usikilize kaske kwa simu yako mwenyewe na wimbo wako mwenyewe, hilo nalo ni jibu.

Kama pesa ni kidogo, zianzie wapi?

Kwanza, yale ya bure. Ingia katika mipangilio ya programu, toa « otomatiki », chagua ubora wa juu, na ukipata wifi pakua nyimbo uzipendazo mapema. Hapo utasikiliza vizuri bila kula forfe. Wacha kuongeza besi mpaka mwisho. Sogeza bafle.

Pili, kaske ama ekuteri ya bei ya kati, yenye waya, inayokaa vizuri sikioni, uliyoisikia kabla ya kulipa. Kwa anayetoka kwenye ekuteri za kando ya barabara, hapa ndipo kuna mabadiliko makubwa kuliko yote, na kwa kawaida hapahitaji dola 300.

Tatu, kwa mwenye bafle na ampli nyumbani, kanisani ama kwenye nganda: kifaa cha kutuliza umeme kije kabla ya ampli mpya. Umeme unaopanda na kushuka unaua ampli ya bei sawasawa na ya rahisi, na kwa ile ya bei machozi yanakuwa mengi. Waya nene ya shaba inayofungwa vizuri inatosha. Waya za mamia ya dola hazibadilishi muziki.

Nne, hapo tu, kama bado pesa ziko na hamu iko, mtu anaweza kununua kaske ya ndoto yake. Siyo kosa. Watu wananunua saa nzuri pia, ingawa simu inaonyesha saa ileile. Muhimu ajue anachonunua.

Na nyimbo za wazee?

Kuna mahali pamoja ambapo ubora kamili si anasa. Rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, lakini sehemu kubwa ya urithi huo bado iko kwenye santuri na kaseti ndani ya nyumba za watu. « Indépendance Cha Cha » ya Grand Kallé na African Jazz ilirekodiwa Brussels mwaka 1960, kwa mashine za wakati ule. Kaske ya dola 300 haitaongeza kitu ambacho maikro za 1960 hazikukamata. Itaonyesha zaidi mikwaruzo ya santuri.

Lakini mtu anayehamisha kaseti ya baba yake kwenye kompyuta asianze na MP3. Ahifadhi kwanza nakala isiyotupwa kitu, kwa WAV ama FLAC, halafu kutoka hiyo atengeneze MP3 ndogo za kugawia ndugu. Kaseti inachakaa, mkanda unakatika. Siku ikikatika, ile nakala ya kwanza ndiyo itakayobaki, na kilichotupwa humo hakuna duka litakalokiuza tena.

Yule kijana wa dukani basi anaweza kufanya jambo rahisi: aombe kusikiliza, kwa simu yake, kaske ile ya dola 300 na nyingine ya dola 40, akifumba macho, sauti zikiwa sawa. Akisikia tofauti na pesa anayo, anunue kwa roho nyeupe. Akikosa kuisikia, amerudi nyumbani na dola 260, na rumba ni ileile.